Mgeni Aliyekuwa Mwenyeji: Tafakari juu ya Maisha na Ushairi wa Marjorie Oludhe Macgoye

1. Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya theolojia ushairi haujapewa nafasi unayostahili. Twachambua Zaburi kwa aina zake, twaimba kutoka Mwimbieni Bwana kila asubuhi, na twahimiza wanafunzi watumie methali katika mahubiri. Hata hivyo, ni mara chache tunapowauliza washairi wa Afrika Mashariki wanasema nini juu ya dhambi, juu ya jirani na juu ya neema. Tumewaachia walimu wa fasihi kazi hiyo, kana kwamba ukweli uliosemwa kwa vina na mizani haumhusu mchungaji.

Makala hii yakusudia kuziba sehemu ndogo ya pengo hilo. Tumemchagua mshairi mmoja ambaye si mzaliwa wa nchi zetu. Alikuja kwetu kutoka Ulaya akiwa mtu mzima, akaolewa kwetu, akachukua uraia wa Kenya, akaandika, akazeeka na akafa Nairobi. Huyo ni Marjorie Oludhe Macgoye.

Swali letu ni la kitheolojia kama lilivyo la kifasihi: je, mgeni anapata wapi haki ya kusema juu ya watu waliompokea? Wako wanaojibu kwamba haki hiyo hutokana na mapenzi, yaani kwamba mtu akitupenda vya kutosha, na atuseme. Sisi hatuamini hivyo. Tunakusudia kuonyesha kwamba haki ya Macgoye ya kusema haikutokana na kutusifu wala na kutuhurumia, bali na kukubali kuhukumiwa pamoja nasi. Shairi lake lililo bora halimhukumu Mwafrika kutoka nje. Lahukumu nyumba ya msomi, nyumba ya aina yake mwenyewe, na kwa hiyo lahukumu pia nyumba zetu sisi wachungaji na walimu.

2. Maisha yake kwa ufupi

Marjorie King alizaliwa Southampton, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, tarehe 21 Oktoba 1928. Alisoma fasihi ya Kiingereza katika chuo cha Royal Holloway cha Chuo Kikuu cha London, akaendelea na shahada ya uzamili katika chuo cha Birkbeck, na kwa muda akawa muuza vitabu mjini London. Mwaka 1954 alifika Kenya akiwa mmisionari wa Church Missionary Society, yaani CMS. Hakuja kuhubiri jukwaani wala kufungua shule. Kazi yake ilikuwa ya vitabu. Msomaji akumbuke kwamba Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Mzungu aliyefika mwaka ule alipokewa na nchi iliyogawanyika kwa waya wa miiba.

Mwaka 1960 aliolewa na Daniel Oludhe Macgoye, Mjaluo aliyekuwa mtumishi wa tiba, na utumishi wake katika CMS ukakoma. Kwa miaka mingi waliishi magharibi mwa Kenya, akilea watoto na kufundisha. Mwaka 1964, mara baada ya uhuru, alichukua uraia wa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa hapa kwetu Tanzania, akisimamia duka la vitabu la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kisha alirudi Nairobi, akasimamia duka la vitabu la S. J. Moore, ambalo katika mikono yake likawa pia mahali pa washairi kukutana na kusomeana. Alifariki Nairobi tarehe 1 Desemba 2015, akiwa na umri wa miaka 87.

Kati ya vitabu vyake tutaje Murder in Majengo cha 1972. Mkusanyo wa mashairi Song of Nyarloka and Other Poems cha 1977. Riwaya ya Coming to Birth ya 1986, iliyopata tuzo ya Sinclair huko Uingereza. The Present Moment ya 1987. Mkusanyo wa pili wa mashairi, Make It Sing, wa 1998. Na A Farm Called Kishinev ya 2005, ambayo tutairudia. Mwaka 2005 pia, mwanazuoni J. Roger Kurtz alitoa kitabu kizima juu ya uandishi wake, na katika jina la kitabu hicho akamwita Nyarloka.

3. Jina la Nyarloka

Jina hilo lataka kuelezwa. Katika Kijaluo nyar ni binti, na loka ni ng'ambo, upande wa pili wa maji. Nyarloka basi ni binti wa ng'ambo. Msomaji wa haraka atadhani kwamba jina hilo lamtenga, kana kwamba lasema: huyu si wetu. Lakini tukitazama desturi ya Wajaluo twaona jambo jingine. Mke wa Kijaluo huitwa kwa mahali alikotoka. Aliyetoka Gem huitwa Nyar-Gem, na aliyetoka Alego huitwa Nyar-Alego. Kwa kuwa mtu haoi katika ukoo wake, kila mke bomani ni binti wa mahali pengine. Kumwita Macgoye binti wa ng'ambo ni kumpa jina la aina ile ile waliyopewa wake wenzake. Tofauti yake nao ni ya umbali wa safari tu. Jina linalomtaja kuwa mgeni ndilo linalomwingiza nyumbani.

Hapo twaikumbuka habari ya Ruthu. Sisi wahubiri twapenda kiapo chake kwa mkwewe katika sura ya kwanza, na twakisoma hata arusini. Lakini twasahau kwamba mwandishi wa kitabu kile haachi kumwita Mmoabi. Hata katika sura ya nne, Boazi anapotangaza mbele ya wazee kwamba anamchukua awe mkewe, bado anamtaja kwa nchi yake. Kupokelewa kwake katika Israeli hakukufuta Moabu. Agano halikumtaka asahau alikotoka. Lilimtaka akae, avune, azae, na awe na shamba la kujibia.

Utenzi mrefu uliokipa jina kitabu cha 1977 wafanya kazi hiyo kwa njia ya ushairi. Ndani yake safari ya mwanamke mmoja kutoka ng'ambo na safari ya nchi kuelekea uhuru na baada ya uhuru zasukwa pamoja kama ukili wa mkeka, hata msomaji hawezi kuvuta mmoja bila kuufumua mwingine. Haya yatajitokeza tena katika Coming to Birth, ambamo msichana Paulina anashuka kutoka kwenye gari la moshi Nairobi mwaka 1956 kumfuata mumewe Martin, akapoteza mimba, akapotea njia mjini, na polepole akakomaa kadiri nchi inavyozaliwa. Mtoto wake Okeyo anauawa kwa risasi katika fujo za Kisumu za 1969. Macgoye hamwachi mtu yeyote aishi nje ya historia, wala hairuhusu historia ipite bila kugonga mlango wa mtu fulani.

4. Atieno na wimbo wa uhuru

Tunafika sasa kwenye shairi ambalo tunaliona kuwa kilele cha kazi yake. Laitwa A Freedom Song, yaani wimbo wa uhuru, nalo limeingia katika vitabu vya shule na kusomwa na wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki. Ni shairi fupi, la beti chache, na mapigo yake ni mepesi kama ya wimbo wa watoto. Wepesi huo ni mtego.

Habari yake ni hii. Msichana Atieno, ambaye jina lake hupewa mtoto wa kike aliyezaliwa usiku, anaishi mjini katika nyumba ya mjomba wake. Mwanzoni ana miaka minane. Anaosha vyombo, ananyonyoa kuku, anaamka mapema, na kitanda chake ni magunia jikoni. Mjomba anaeleza kwamba kwa kuwa ni mtoto wa dada yake, hana haja ya mshahara. Akiwa na miaka kumi anaambiwa kuwa ana wivu, maana anatamani nguo na viatu vya watoto anaowalea. Mke wa nyumba anakwenda masomoni, na kazi za Atieno zinazidi. Mjomba anawasomesha wanawe, analipa ada ya chama cha siasa na ya chama cha wafanyakazi, yote kwa ajili ya maendeleo, na anashangaa kwa nini msichana haonyeshi shukrani. Akikaribia miaka kumi na minne, wageni wa nyumbani wanahitaji kuhudumiwa, na mjomba yuko kazini usiku. Kisha Atieno anazaa, na hilo linachukuliwa kuwa ushahidi kwamba ni mbaya. Anatokwa na damu baada ya kujifungua, anakufa. Nafasi yake inajazwa upesi. Nyama na sukari zilizoliwa katika mazishi yake zazidi zote alizokula katika maisha yake.

Tuna mambo matatu ya kuonyesha.

La kwanza ni sauti. Anayesema si mshairi, wala si Atieno. Ni mjomba. Mshairi hatoi hata neno moja la lawama. Anamwachia mshtakiwa ajitetee, na utetezi wenyewe wawa hati ya mashtaka. Hii ndiyo njia ya nabii Nathani mbele ya Daudi katika 2 Samweli 12, aliyemwacha mfalme atoe hukumu kabla hajajua kwamba ni yake. Kila sababu anayotoa mjomba ni sababu tunayoifahamu. Anamlisha. Ni ndugu. Ana watoto wa kusomesha. Mke naye ana haki ya kujiendeleza. Hakuna neno la mtu katili. Laiti mjomba angekuwa mkatili, tungemlaani na kulala usingizi. Macgoye amemfanya mtu wa maendeleo, mwenye kadi ya chama, na bila shaka mwenye kiti kanisani.

Kiitikio peke yake ndicho kisicho cha mjomba. Katika beti jina la Atieno latajwa kwa kuamriwa, kusingiziwa na kusutwa. Katika kiitikio jina lilo hilo latajwa kama mtu anavyomwita aliyepotea. Twakumbuka Hajiri katika Mwanzo 16. Sarai na Abramu katika maneno yao wanamtaja kuwa mjakazi tu. Hakuna hata mmoja wao anayelitamka jina lake. Wa kwanza kumwita kwa jina ni malaika wa Bwana, kwenye kisima cha maji jangwani, naye anamwuliza atoka wapi na anakwenda wapi. Mjakazi mgeni, mwenye mimba, anaulizwa habari zake na Mungu kabla hajaulizwa na waliomtuma kazi. Kiitikio cha shairi hili ni sauti ya kisimani.

La pili ni hesabu ya miaka. Mshairi anataja umri wa msichana mwishoni mwa beti kama karani anavyoandika daftarini: minane, kumi, karibu kumi na minne. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na hata aliyefika umri huo yamruhusu kazi nyepesi tu. Tukiipima habari ya Atieno kwa kipimo hicho, kazi yake yote ilifanyika kabla ya umri ambao sheria ingemhesabu kuwa mtu wa kuajiriwa. Alimaliza utumishi wake pale ambapo wengine wangeruhusiwa kuuanza. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 juu ya wafanyakazi wa nyumbani, likitaka wapewe heshima ya wafanyakazi wengine. Macgoye alikuwa ameyasema haya miongo kadhaa kabla ya wanasheria, bila kutaja sheria yoyote.

La tatu, na kwetu ndilo zito zaidi, ni matumizi ya ujamaa wa damu. Tulipojaribu kulifasiri shairi hili darasani tuligundua kwamba Kiswahili chaligusa jeraha kwa ukali kuliko Kiingereza. Kiingereza chasema tu kwamba msichana ni mtoto wa dada wa msemaji. Kiswahili chalazimika kuwataja kwa majina yao: huyu ni mjomba, na yule ni mpwa. Mjomba! Kwa makabila mengi ya nchi hizi ndiye kimbilio la mtoto anapokosana na baba. Neno lenye upole wote huo ndilo linalotumika kufuta mshahara.

Hapa msomaji wa Kilimanjaro hana budi kumkumbuka mgeni mwingine, Dkt. Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefika mlimani mwaka 1902 na kufanya kazi, hasa Moshi ya Zamani, hadi 1938. Gutmann aliipenda lugha ya Kichagga na desturi zake, akaandika vitabu vingi, na akafundisha kwamba vifungo vya ukoo, ujirani na rika ni vipawa vya Uumbaji ambavyo Injili haipaswi kuvikata. Kanisa letu lingali na deni kwake. Lakini Gutmann aliusifu ukoo akiwa mchungaji aliyekaa kando yake. Macgoye aliingia ndani ya ukoo, akapika na kulea humo, na akaona ambalo mwenye kusifu hakuliona kwa urahisi: kwamba kifungo kile kile kinachomlinda mtoto mlimani chaweza kumfunga jikoni mjini. Ukoo ukihamia mjini bila wazee wake, bila shangazi wa kuuliza na bila jirani wa kusikia kilio, hubaki neno tu, na neno hilo hutumiwa na mwenye nyumba. Hatusemi kwamba Gutmann alikosea. Tunasema kwamba mafundisho yake hayawezi kusomwa tena bila Atieno kusimama mlangoni.

Na jina la shairi je? Ni wimbo wa uhuru wa nani? Martin Luther, katika andiko lake la mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, alifundisha mambo mawili yasiyotengana: kwamba kwa imani Mkristo ni huru asiyetawaliwa na mtu, na kwamba kwa upendo ni mtumishi wa watu wote. Mjomba ameyagawa mambo hayo mawili. La kwanza amelichukua yeye na mkewe. La pili amemwachia mtoto wa miaka minane. Huo ndio uhuru tunaouona katika nyumba nyingi za wasomi tangu bendera zilipopandishwa: uhuru wa mmoja wasimama juu ya magunia ya mwingine.

5. Shamba liitwalo Kishinev

Ili kuelewa kwamba shairi la Atieno si tukio la bahati katika kazi yake, inafaa kutazama kwa kifupi kitabu cha uzeeni mwake, A Farm Called Kishinev. Hiki ni riwaya, si ushairi, lakini kimebeba swali lile lile la mgeni na nyumba.

Kishinev, ambao leo ni mji mkuu wa Moldova, ulikuwa katika dola ya Urusi. Aprili 1903 Wayahudi wa mji huo walishambuliwa, na 49 kati yao waliuawa. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza, kwa njia ya waziri wa makoloni Joseph Chamberlain, iliwapa viongozi wa Kizayuni pendekezo la makazi katika uwanda wa Uasin Gishu, ambao leo ni Kenya. Theodor Herzl alilileta pendekezo hilo katika mkutano wa Basel wa Agosti 1903, wajumbe watatu wakatumwa kuitazama nchi, na mwaka 1905 mkutano ulikataa. Hata hivyo familia chache za Wayahudi kutoka Ulaya ya Mashariki zilikuja zenyewe. Mmojawapo alikuwa Abraham Block kutoka Vilna, aliyefika mwaka 1903 na baadaye akawa mwenye hoteli ya Norfolk. Waumini wa dini yao mjini Nairobi walianzisha jumuiya yao mwaka 1904.

Macgoye anaitwaa historia hiyo na kusimulia habari za familia ya Kiyahudi inayoliita shamba lake kwa jina la mji wa mauaji. Jina hilo lafaa kufikiriwa sana. Mkimbizi analeta jeraha lake na kulipanda katika udongo mpya, ili watoto wasisahau. Lakini udongo huo nao ulikuwa na wenyewe. Uwanda uliotolewa Basel kana kwamba ni mtupu ulikuwa malisho, na katika mwaka ule ule wa 1905 mkutano ulipokataa, Wanandi waliokuwa wakiitetea nchi yao walimpoteza kiongozi wao Koitalel kwa risasi ya Mwingereza. Aliyefukuzwa kwake alipewa nafasi kwa mwingine na mtu ambaye hakuwa na haki ya kuitoa.

Huku kwetu tuna kumbukumbu ya jinsi hiyo. Mtu akisafiri kutoka Moshi kwenda Arusha hupita Tengeru, ambako tangu mwaka 1942 waliishi wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto walionusurika na kambi za Siberia. Makaburi yao yangalipo. Wengi waliondoka baada ya vita. Walikuwa wageni wema, wakapita. Macgoye anatufundisha kuona kwamba mgeni anayepita na mgeni anayekaa hawana mzigo mmoja. Anayepita hudaiwa shukrani. Anayekaa hudaiwa haki, na naye huidai. Torati inapoamuru katika Kumbukumbu la Torati 10:19 kumpenda mgeni, sababu inayotoa ni kwamba Israeli nao walikuwa wageni Misri. Aliyekuwa mgeni asipoangalia atakuwa Farao wa mwingine.

6. Upungufu wa kazi yake

Uhakiki usiotaja upungufu ni salamu tu. Tuna malalamiko mawili na shaka moja.

Kwanza, aliandika kwa Kiingereza. Ijapokuwa alipenyeza maneno ya Kijaluo na ya Kiswahili, mlango wa nyumba yake umebaki na kufuli kwa wengi. Msichana wa jikoni, ambaye habari zake ndizo zilizoandikwa, hawezi kuzisoma. Lawama hii si yake peke yake. Yawahusu pia wote wenye Kiswahili fasaha ambao hawajamfasiri.

Pili, utenzi wake mrefu ni mgumu. Umejaa marejeo ya matukio na watu, na mwanafunzi asiye na mwalimu hupotea humo kama Paulina alivyopotea Nairobi. Pale mshairi anapojiuliza yeye ni nani, mistari yake huwa mizito. Pale anapojisahau na kumsikiliza mtu mwingine akisema, huwa myepesi na mkali. Twadhani hilo nalo lina fundisho.

Shaka yetu ni kwamba Atieno mwenyewe hasemi. Wanafunzi wetu wa kike wameliuliza hili, nao wana haki. Je, mshairi amemnyamazisha tena yule aliyekwisha nyamazishwa? Tumelifikiri sana. Jibu letu ni kwamba kumpa Atieno maneno kungekuwa rahisi, na kungemfanya mzawa wa ng'ambo aseme kwa kinywa cha mtoto wa Nyanza. Macgoye hakujitwalia haki hiyo. Alichukua sauti aliyokuwa na haki nayo, yaani sauti ya mwenye nyumba aliyesoma, akaifichua. Wako wanaosema kwamba mwanamke wa Kizungu amemchora mwanamume Mwafrika vibaya. Wasome tena. Anayeshtakiwa ni tabaka la wenye mishahara, na mshairi alikuwa mmoja wao.

7. Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza mgeni hupata wapi haki ya kusema. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara nyingi twaitumia methali hiyo kwa kuwa mgeni huchinjiwa kuku, na mwenyeji naye akala. Lakini yawezekana uponyaji ukawa wa namna nyingine. Mgeni huona kilichozoeleka. Mgeni aliyekaa, akakubali jina, wakwe na uraia, huweza kukisema bila kukimbia.

Tungependa kumalizia hapo, lakini haitakuwa haki. Tulipokuwa tukitayarisha somo hili kwa mara ya kwanza, usiku, mezani, karatasi zikiwa zimeenea, msichana wa kijijini kwetu alikuwa jikoni akisugua sufuria. Tulikuwa tumewaambia wazazi wake kwamba atakuwa kama binti yetu. Nyumba nzima ilimwita dada, kama ilivyo desturi ya miji yetu, na neno hilo lilitutosha. Tulisoma ubeti wa pili, tukainua macho, na tukatambua kwamba hatukuwa tumewahi kumlipa mkononi mwake. Fedha kidogo zilikwenda kwa wazazi wakati wa Krismasi. Binti yetu wa kumzaa alikuwa akisoma katika chumba cha pili. Yakobo 5:4 yasema juu ya ujira uliozuiliwa ambao kelele zake zimefika masikioni mwa Bwana. Tulikuwa tumelihubiri fungu hilo Jumapili mbili kabla ya hapo, nalo lilikuwa limewahusu matajiri.

Hatuelezi tuliyoyafanya baadaye, maana yalikuwa wajibu, tena yaliyochelewa. Tunasema tu kwamba shairi la mwanamke kutoka Southampton lilitufikisha mahali ambapo mahubiri yetu wenyewe hayakutufikisha. Sheria ya Mungu, kama tulivyofundishwa, ni kioo. Mara nyingine kioo hicho hushikwa na mshairi.

Tunapendekeza kwa hiyo kwamba shairi la Atieno lifasiriwe kwa Kiswahili kizuri na lisomwe katika masomo ya maadili ya Kikristo, pamoja na Amri ya Saba na maelezo yake katika Katekisimo Ndogo. Tunapendekeza pia kwamba mchungaji anayealikwa kuzika msichana wa kazi aulize, kabla ya kuandaa neno la faraja na kabla nyama haijatiwa chunguni, jina lake kamili, umri wake, na alilala wapi.